King'ora cha Kalemie

SEHEMU YA KWANZA: Kazi ya mbio

Simu ilimkuta Yuma juu ya paa la mama yake, Lusangi, misumari mdomoni. Katika boma lile lote, mtandao ulishika pale juu tu.

"Fundi, uko wapi?"

"Lusangi."

"Ndiyo wapi hapo?"

Yuma akatema misumari kiganjani. "Ukitoka Kasongo unakwenda Kabambare. Nani mwenzangu?"

Aliyepiga alikuwa karani wa mwenye meli, meli ya abiria iliyokuwa ikimaliziwa matengenezo Kalemie. Hakuwa na muda wa salamu. Meli inaondoka Jumamosi jioni kwenda Kigoma, tiketi zimeshauzwa, na mkaguzi amegoma. Hatii sahihi mpaka aone vigunduzi vya moshi kwenye kila ngazi, kila korido na kila chumba cha kulala. Atapanda Jumamosi saa nne asubuhi.

"Mmeshafunga vingapi?"

"Hata kimoja. Vimeshuka leo kwa ndege kutoka Lubumbashi."

"Leo Jumatatu, ndugu yangu."

"Ndiyo maana tumekutafuta wewe. Kijana wako Assani yuko hapa bandarini. Amesema kazi hii haina mwingine."

Mama alikuwa chini ameshikilia ngazi, na alisikia yote. "Na paa langu?"

"Nikirudi, mama."

"Mvua nayo umeshaipigia simu ikusubiri?"

Yuma hakujibu. Alipigilia mabati yaliyobaki kwa tochi ya simu, na alfajiri akapanda pikipiki.

Njia ya kutoka Kasongo kwenda ziwani kupitia Kabambare ni ya kale. Katika karne ya 19 ilipitisha misafara ya pembe ya Tippu Tip na wenzake, wapagazi wakikanyaga mguu kwa mguu mpaka maji ya Tanganyika, na ng'ambo ya pili Ujiji. Mpaka leo Ujiji na Kigoma zina Wamanyema tele ambao mababu zao walitoka huku. Siku hizi inapitisha baiskeli za kusukuma zilizobebeshwa bidoni za mawese, na pikipiki ambazo kwenye matope ni dereva anayezibeba. Yuma aliingia Kalemie Jumatano usiku, matope yamemfika magotini, na akaenda moja kwa moja gatini.

Meli ilikuwa kubwa kuliko alivyoambiwa. Sitaha tatu, urefu wa mita sitini na ushei, nafasi za abiria mia sita. Rangi nyeupe mpya juu ya kutu ya zamani. Assani, mtoto wa dada yake, alikuwa amekalia kasha la mbao, tepu ya kupimia mkononi.

"Karibu, mjomba. Vyote viko humu. Sabini na viwili. Ramani inataka sitini na vinane, vinne ni vya akiba."

"Vya joto viko wapi? Vya jikoni?"

"Hawakuleta. Ni vya moshi vitupu."

Yuma akasonya. Jikoni hakuwekwi kigunduzi cha moshi; huwekwa cha joto, kinachongoja hewa ichemke ndipo kilie. Cha moshi kitalia kila kitunguu kikiungua.

Asubuhi yake walimkuta Kapiteni kwenye chumba cha usukani, mzee wa Uvira mwenye sauti ya chini, pamoja na mwenye meli ambaye bandari nzima ilimwita Patroni. Patroni alikuwa na simu tatu na zote zilikuwa zikiita.

"Mkaguzi huyu amekuwa mkali ghafla," alisema Patroni. "Miaka yote tulisafiri bila hivi vidude."

"Si ghafla, Papa Patroni," alisema Kapiteni. "Ni tangu HB Kongolo."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Aprili 2025 boti ile ya mbao ilishika moto mtoni karibu na Mbandaka, ikitoka bandari ya Matankumu kwenda Bolomba. Kwa maelezo ya wakuu wa mto, moto ulianzia kwa mama mmoja aliyekuwa akipika chomboni. Boti ikapinduka. Watu zaidi ya 140 walikufa, na wengi wao walijirusha majini hawajui kuogelea.

"Sheria za SOLAS, zile za kimataifa za usalama wa meli, ni za bahari, hazilitawali ziwa hili," alisema Yuma, "lakini mkaguzi atapima kwa kipimo hicho hicho. Kigunduzi kimoja kisilinde zaidi ya mita 74 za mraba. Kati ya kimoja na kingine isizidi mita 11. Kutoka ukutani isizidi mita tano na nusu. Nipeni vijana wanne, na mtu yeyote asinikatie umeme."

Alhamisi yote ilikwisha kwa kupima, kutoboa na kuvuta waya. Usiku, vijana walipolala, Yuma alishuka na kasha hadi korido ya chini kabisa, kando ya ngama, mahali ambapo upepo wa ziwa haufiki. Alitaka kukijaribu kila kigunduzi kabla hajakipandisha darini, maana kitu kilichosafiri kwa ndege na kurushwa na wapagazi hakiaminiki kwa macho.

Aliunga betri mbili za pikipiki kupata volti 24, akachomeka kigunduzi cha kwanza, kisha akawasha ncha ya kamba ya katani na kuizima ili itoe moshi. Assani alichuchumaa kutazama.

"Ndani mna chumba kidogo cha giza," Yuma alimwambia. "Upande huu taa, upande huu jicho, lakini vimewekwa visionane. Moshi ukiingia, mwanga unagonga chembe zake na kutawanyika, jicho linauona. Hapo kinalia."

Taa nyekundu ikawaka. Akaondoa umeme, akachomeka kingine. Kikawaka. Kingine. Assani akasinzia, akaenda kulala. Ilipopita saa sita usiku kasha lilibakiwa na vichache, na kamba ya katani ilikuwa imekwisha. Yuma alikwenda kutafuta nyingine juu, akakaa kitambo akipunga upepo, akarudi.

Akachomeka kigunduzi kimoja, ili tu kione umeme. Taa nyekundu ikawaka.

Mbovu, alifikiri. Akakiweka kando, akachomeka kingine. Nyekundu. Akachomeka cha tatu, kipya, kimetoka kwenye karatasi yake sasa hivi.

Nyekundu.

Yuma akainua pua. Hapakuwa na harufu ya katani. Palikuwa na harufu ya makaa. Alimulika tochi ukutani, pale yalipopangwa majaketi ya kuokolea mpaka darini. Nyuma yake palionekana ukingo wa mlango wa chuma ambao haumo katika ramani. Chini ya mlango ule uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukitambaa nje.

Kufuli lilikuwa jipya, na limefungwa kwa nje. Na ndani, mtu alikohoa.

ITAENDELEA WIKI IJAYO

SEHEMU YA PILI: Waya unaorudi ulikotoka

Ilipoishia: Fundi Yuma ameitwa kutoka Lusangi kufunga vigunduzi vya moshi kwenye meli ya Kalemie kabla ya Jumamosi. Usiku wa manane, nyuma ya majaketi ya kuokolea, amegundua mlango wa siri uliofungwa kwa nje. Ndani kuna moshi, na kuna mtu.

Kufuli halikuvumilia mapigo mawili ya spana. Mlango ulipofunguka, Yuma alimwona mzee mwenye koti la jeshi la zamani amekaa juu ya gunia, na mbele yake mbabula, jiko la makaa, na sufuria ya mihogo ikitokota.

"Zima tochi, mwanangu," alisema mzee. "Unaniumiza macho."

"Mzee, nani amekufungia humu?"

"Wananifungia usiku, wananifungulia asubuhi. Mlinzi kazi yake kulinda."

"Kulinda nini?"

Mzee aliangalia nyuma yake. Palitundikwa turubai la bluu toka dari hadi sakafu. Yuma akalisogeza kwa kidole. Bidoni za njano, safu juu ya safu, na sakafuni unyevu uliong'aa kwenye tochi. Alichovya ncha ya kidole, akanusa.

Petroli.

Kutoka kwenye bidoni ya kwanza hadi kwenye mbabula palikuwa hatua nne. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hauruki juu, hutambaa sakafuni ukitafuta pa kuwakia, na usiku ule ulikuwa umeshatambaa nusu ya safari. Kumwagia makaa maji kungerusha cheche. Yuma alivua shati, akalizungushia mikononi, akainua mbabula pamoja na sufuria yake, akatoka kinyumenyume. Alipanda ngazi mbili bila kupumua vizuri. Sitahani aliurusha mzigo ziwani. Ulichemka, ukazama.

"Mihogo yangu," alisema mzee nyuma yake.

Patroni alifika kabla hakujapambazuka, simu moja tu mkononi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Yuma wasiwasi.

"Mzigo ule unashushwa leo usiku. Ni mambo ya biashara, hayakuhusu. Chumba kile hakimo kwenye ramani."

"Mimi sifungi vigunduzi kwenye ramani, Papa Patroni. Nafunga kwenye meli."

"Basi funga. Tundika vikombe vitupu, bila waya. Mkaguzi huangalia dari, haulizi waya umepita wapi." Akatoa bahasha. "Dola mia tano. Nasikia paa la mama yako linavuja."

Yuma alimtazama Assani, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na drili. Kijana akainamisha macho. Nani mwingine pale Kalemie alijua habari za paa la Lusangi?

"Mzigo ushuke," alisema Yuma. "Bahasha kaa nayo."

Ijumaa ilikuwa siku ya kufa kupona. Walipitisha waya kwenye kuta za chuma na kuziba kila tundu kwa udongo wa kuzuia moto, maana ukuta wa kuzuia moto wenye tundu la waya lililoachwa wazi hauzuii kitu. Walikwepa mihimili na midomo ya feni, kwa sababu upepo ukivuma usoni mwa kigunduzi unaupitisha moshi kando. Waliandika namba kwenye kila kimoja: 1 jirani na usukani, 23 daraja la pili, 44 hadi 47 korido ndefu ya daraja la tatu inayoishia kwenye ngazi. Na vile vinne vya akiba, namba 69 hadi 72, Yuma alivifunga kwa mkono wake kwenye dari la chumba cha siri. Kwa waya.

"Mjomba," aliuliza mmoja wa vijana, "kwa nini waya unarudi tena kwenye paneli? Si ungeishia kwenye kigunduzi cha mwisho?"

Yuma alimsukumia Assani swali. Assani alijibu bila kuinua kichwa, sauti ya mtu aliyelikariri somo: "Huu unaitwa lupu. Unatoka kwenye paneli, unazunguka meli, unarudi ulikotoka. Ukikatika mahali pamoja, paneli inalalamika, lakini vigunduzi vyote vinaendelea kuona, kwa kuwa umeme unavifikia toka pande zote mbili. Ukitaka kuvipofusha..."

"Ehe?"

"Uukate mahali pawili. Vilivyo katikati ndivyo vinavyokufa."

"Umefundishwa vizuri," alisema Yuma.

Jikoni mkaguzi alitaka kigunduzi, na vya joto vingekuja kwa ndege ya Jumanne. Yuma alieleza mara mbili. Patroni alisema mara moja: weka hicho hicho cha moshi. Kikawekwa, juu ya masufuria.

Saa kumi usiku wa kuamkia Jumamosi paneli iliwashwa. Namba zikahesabika moja baada ya nyingine kwenye kioo kidogo cha kijani, mpaka 72. Kapiteni alimletea kikombe cha chai na kumwambia habari za Liemba, meli aliyoipanda utotoni, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande ndani ya makasha, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

"Chuma hakifi haraka," alisema. "Hufa watu walio ndani yake."

Yuma alilala chini ya paneli na viatu miguuni.

Aliamshwa na mlio mwembamba. Taa ya njano ilikuwa ikimeta: hitilafu, lupu ya kwanza. Nje kulikuwa kunapambazuka. Alichukua tochi na kipima umeme, akaufuata waya sitaha kwa sitaha. Aliukuta umekatika nyuma ya ngazi ya chini, akautia alama ya tepu ili arudi na waya wa kuungia. Kazi ya panya, alijiambia, ingawa panya hakati waya kwa mkato ulionyooka.

Alipanda juu. Taa ya njano bado inameta, na hesabu ya paneli ilisimama kwenye 68. Zilikosekana 69, 70, 71, 72.

Alirudi chini mbio. Upande wa pili wa chumba cha siri, pale waya unapotokea kurudi, palikuwa na mkato mwingine. Umenyooka, safi, wa koleo kali.

Mkato mmoja ungeweza kuwa ajali. Mikato miwili ni mtu anayejua lupu. Katika meli nzima waliojua kiasi hicho, wakajua na namba nne zimelala wapi, walikuwa wawili. Mmoja alikuwa yeye.

Alifungua pazia la kitanda cha Assani. Blanketi limekunjwa. Godoro lilikuwa baridi.

ITAENDELEA WIKI IJAYO

SEHEMU YA TATU: Namba 47

Ilipoishia: Asubuhi ya ukaguzi, waya wa chumba cha siri umekatwa mahali pawili na mtu anayeijua kazi. Assani, mtoto wa dada yake Yuma, haonekani.

Yuma aliunga kwanza, akatafuta baadaye. Hesabu iliporudi 72 ndipo aliposhuka gatini.

Abiria walikuwa wameshaanza kumiminika. Akina mama wa biashara na magunia ya mchele wa Kasongo, wazee waliokuwa wakienda kuona ndugu Ujiji, watoto waliofungwa mgongoni, kuku, magodoro. Assani alisimama kando ya dirisha la tiketi akijifanya anasoma bango.

"Walikuahidi nini?"

"Mjomba..."

"Nimekuuliza walikuahidi nini."

"Kazi." Sauti ilimkauka. "Fundi wa meli, mshahara wa mwezi, kitambulisho chenye picha. Patroni alisema ni kwa saa chache tu, mzigo ushuke bila king'ora kupiga kelele bandarini. Moshi wa lori ungeviamsha vigunduzi. Nikasema si kitu, asubuhi nitaunga."

"Mzigo ulishuka?"

"Nilisikia wanabeba. Sikuona wanapeleka wapi."

Yuma alitaka kumpiga kibao mbele za watu. Badala yake akampa kipima umeme. "Rudi ndani. Kuanzia sasa uko karibu nami, nikigeuka nikuone."

Mkaguzi alipanda saa tatu, saa nzima kabla ya wakati. Alikuwa mtu mwembamba asiyekubali soda. Alibeba kopo la moshi wa kujaribia na fimbo ndefu, na kila alipofika chini ya kigunduzi alipuliza, akangoja, akasikiliza king'ora, akatia alama. Chini ya namba 31 alisimama muda mrefu. Hakikulia. Yuma alipanda kiti akatoa kifuniko chekundu cha plastiki, kile cha kukinga vumbi wakati wa kazi, ambacho kijana mmoja alisahau kukiondoa.

"Kikombe kilichofunikwa hakiingiwi na chai," alisema mkaguzi. "Vingine?"

Walipitia meli nzima tena wakitafuta vifuniko. Vilipatikana viwili zaidi.

"Watu hudhani moto ndio unaoua," mkaguzi alisema wakipanda ngazi, kama anayejisemea. "Scandinavian Star, Aprili 1990, kati ya Norwei na Denmark. Watu 159. Wengi walikuwa vyumbani mwao na korido zimejaa moshi, hawakuungua kwanza. Walivuta hewa ya sumu. Mwaka 1992 dunia ikakaza sheria. Sisi tumengoja yetu."

Kwenye chumba cha usukani alifungua ramani na kuilinganisha na paneli. Kalamu yake ikasimama.

"Ramani inasema 68. Paneli inasema 72. Hivi vinne viko wapi?"

Patroni aliacha kupumua. Kapiteni alitazama ziwa. Yuma alihisi Assani nyuma yake akihamisha uzito toka mguu mmoja hadi mwingine.

"Twende nikakuonyeshe," alisema Yuma.

Walisogeza majaketi. Yuma akavuta mlango. Chumba kilikuwa kitupu. Hapakuwa na mzee, turubai wala bidoni. Sakafu ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni ya unga, na povu lilikuwa bado kwenye pembe. Mkaguzi alinusa, akakunja uso, akapuliza moshi wake. 69 ikalia. 70, 71, 72, zote.

"Afadhali vizidi kuliko kupungua," alisema, na akatia sahihi.

Patroni alimpa kila mtu mkono, Yuma wa mwisho. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Muda mfupi kabla ya kuondoka alishuka gatini akisema ana shughuli mjini na atawafuata kwa ndege.

Meli iliondoka saa kumi na mbili jioni, abiria wakiimba. Yuma alibaki chomboni hadi Kigoma. Hakuna fundi anayeiacha kazi mbichi namna hiyo usiku wake wa kwanza.

Saa moja na nusu king'ora kililia. Watu walikurupuka, watoto wakapiga kelele, mama mmoja akavaa jaketi juu ya khanga. Paneli: jikoni. Mpishi alikuwa amekaanga dagaa. Abiria wakacheka, wakarudi mahali pao.

Saa tatu kililia tena. Jikoni, wali umeshika chini ya sufuria. Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Saa tano kililia mara ya tatu, na kutoka daraja la tatu zilipanda sauti za matusi.

"Kizime kile cha jikoni," alisema Kapiteni.

"Nikizime kile kimoja, sawa, Papa Kapiteni. Lakini watu wasizoee kwamba—"

"Watu wameshazoea, fundi."

Yuma alikizima cha jikoni peke yake, akaandika saa kwenye daftari, akamtuma Assani azunguke korido zote. Assani alirudi baada ya nusu saa na mifuko miwili ya plastiki mkononi. Abiria walikuwa wamevivalisha vigunduzi juu ya vitanda vyao ili walale kwa raha.

"Umevitoa vyote?"

"Nilivyoviona. Daraja la tatu sikupenya, mjomba. Magunia ya mchele yamejaa mpaka kwenye njia, na hayakuwepo mchana. Nitarudi kujaribu tena."

Ilipofika saa tisa usiku, taa za pande zote mbili zilikuwa zimepotea na chini yao kulikuwa na maji yenye kina kinachopita mita elfu moja. Paneli ililia.

Namba 44.

"Jikoni tena," alisema Kapiteni, na kidole chake kikabonyeza kitufe cha kunyamazisha kabla Yuma hajafika.

"Jikoni nimekizima! Hiyo ni 44, korido ya daraja la tatu!"

Kioo kikabadilika. 45.

Yuma alikuwa ameshavitundika vigunduzi hivyo kwa mikono yake na alijua umbali wa kila kimoja. Mita tisa kati ya 44 na 45. Moshi wa sufuria hauendi mita tisa kwa muda wa kumeza mate. Huu ulikuwa unatembea.

Mlango wa chumba cha usukani ulifunguka kwa kishindo. Assani aliingia amefunga kitambaa chenye maji puani, mikono ya shati inanuka petroli.

"Hazikushuka, mjomba! Ziko chini ya mchele! Walizihamishia chini ya magunia, na kuna mtu amewasha mbabula pembeni kuchemsha uji wa mtoto..."

46.

Kapiteni hakuuliza swali. Alivuta honi ya meli: milio saba mifupi, mmoja mrefu, ishara ambayo kila baharia anaijua hata usingizini. Ziwa zima lilitetemeka. Yuma akabonyeza king'ora cha jumla, na meli ikalia toka ngama hadi sitaha ya juu.

Kutoka chini, badala ya mbio za miguu, kilipanda kicheko. Sauti ya mwanamume ikapaza juu ya nyingine zote:

"Fundi! Leo umeunguza nini tena? Tuacheni tulale!"

"Hawatoki," alisema Assani. "Mjomba, hawatoki!"

Yuma alikuwa ameshashika kizima moto na mguu uko nje ya mlango aliposikia paneli ikilia tena nyuma yake. Hakuhitaji kugeuka, ila aligeuka.

Namba 47. Ilikuwa juu ya ngazi ya daraja la tatu, na daraja la tatu halikuwa na ngazi nyingine.

ITAENDELEA WIKI IJAYO